Kutoka duka la Iganga hadi magunia ya Kisenyi: historia ya shamba la familia la Kakira

KISENYI, Kampala – Lori la sukari linapoegeshwa Kisenyi na wachukuzi kuanza kushusha magunia, mnunuzi wa jumla huuliza mambo matatu: bei, uzito, na kiwanda mzigo ulikotoka. Bei huzungumzwa na uzito hupimwa. Swali la kiwanda ndilo linaloamua kama mzigo huo utavuka mpaka kwa amani au utakwama mbele ya maafisa wa forodha.

Sukari nyingi ya Uganda inayopita Kisenyi na katika maduka ya jumla ya jirani huko Kikuubo inatoka katika mashamba makubwa yaliyo kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba. Kongwe kati ya mashamba hayo yalianzishwa na familia mbili zilizotoka eneo la Porbandar, Gujarat, magharibi mwa India. Familia ya Mehta ilifungua kiwanda chake Lugazi mwaka 1924. Familia ya Madhvani ilifungua chake Kakira, wilaya ya Jinja, mwaka 1930.

Makala hii inaeleza historia ya Kakira. Shamba hilo lilianza kwa faida ya duka, likakua hadi kuwa mji, likachukuliwa na serikali mwaka 1972 na kurudi mikononi mwa familia baada ya mwaka 1985. Kila hatua hiyo ilionekana sokoni, na walioiona mapema walikuwa wafanyabiashara na wasafirishaji.

Kijana wa duka

Muljibhai Madhvani alizaliwa mwaka 1894. Alifika Uganda mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka 14, kufanya kazi kwa jamaa zake waliokuwa wametangulia kufungua maduka Busoga. Kampuni yao ilijulikana kwa jina la Vithaldas Haridas, na Iganga ndipo kijana huyo alipojifunza kazi ya kuuza, kununua na kuweka hesabu.

Biashara ya wakati huo haikutofautiana sana na ya leo. Mwenye duka aliuza nguo, chumvi, mafuta ya taa na majembe, kisha akanunua mazao ya mkulima yule yule aliyemuuzia. Zao kubwa la Busoga lilikuwa pamba. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo mizigo ilivuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Jinja. Mwaka 1912 reli fupi ya Jinja hadi Namasagali ilikamilika, na pamba ya Busoga ikapata njia nyepesi ya kutoka. Muljibhai alihamia Jinja katika kipindi hicho kusimamia duka la kampuni.

Faida ya duka na pamba ndiyo iliyonunua ardhi. Mwaka 1918 Muljibhai alinunua ekari 800 Kakira, mashariki ya Jinja, karibu na ziwa. Mahali hapo palikuwa na mvua ya kutosha, maji ya ziwa na njia ya kwenda bandarini. Kilichokosekana ni kiwanda.

Miwa, reli na daraja

Kiwanda cha Kakira kilianza kazi mwaka 1930. Kwa msafirishaji, mwaka huo unaeleza mengi. Reli ya kutoka Kenya kupitia Tororo ilikuwa tayari imefika Jinja, na mwaka 1931 daraja la reli juu ya Mto Nile lilifunguliwa na treni zikafika Kampala bila kutegemea meli. Mitambo mizito iliweza kuletwa kwa behewa, na sukari ikaweza kupelekwa pande zote mbili, Kampala na Nairobi.

Lugazi ilikuwa imetangulia kwa miaka sita, kwa hiyo Kakira haikupata soko tupu. Ilibidi ishindane na sukari ya jirani na ile iliyotoka ng'ambo. Familia ilichagua kurudisha faida shambani. Ardhi iliongezwa kipande kwa kipande, reli ndogo za kubebea miwa zikajengwa ndani ya shamba, na mabaki ya kiwanda yakaanzishiwa biashara nyingine. Kadiri miaka ilivyopita familia ikaingia katika mafuta ya kula, sabuni, nguo, vioo, viberiti, chuma, chai na bia. Jinja ikawa mji wa viwanda, hasa baada ya bwawa la umeme la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954.

Shamba halikujengwa na familia peke yake. Maelfu ya vibarua walitoka Rwanda, Burundi, West Nile na kwingineko kuja kukata miwa. Waliishi kambini ndani ya shamba, na humo zikajengwa nyumba, shule na hospitali. Hadi leo Kakira ni mji wenye halmashauri yake, na wakazi wengi ni vitukuu vya waliokuja kwa mkataba wa kukata miwa.

Manung'uniko ya sokoni

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Chini ya utawala wa Waingereza, Waafrika walibanwa katika uchambuaji wa pamba na biashara ya jumla, huku nafasi hizo zikishikwa zaidi na Wahindi na makampuni ya Wazungu. Ghasia za Buganda za mwaka 1949 zilikuwa, miongoni mwa mambo mengine, za wakulima waliotaka kuchambua pamba yao wenyewe.

Mwaka 1959 chama cha Uganda National Movement, kikiongozwa na Augustine Kamya, kiliitisha mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika. Mgomo huo ulifunga maduka mengi ya Buganda na uliungwa mkono sana katika maeneo ya Waafrika mjini Kampala. Historia ya Kakira haieleweki bila kumbukumbu hiyo. Pale mwenye shamba alipoona jasho la miaka 40, mchuuzi wa sokoni aliona mlango uliofungwa.

Muljibhai alifariki mwaka 1958. Mwanawe mkubwa, Jayant, alichukua uongozi na kupanua viwanda katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwaka 1968 Uganda ilizalisha takriban tani 152,000 za sukari, na Kakira ilikuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote. Jayant alifariki ghafla mwaka 1971 akiwa safarini India. Uongozi ukamwangukia mdogo wake, Manubhai, miezi michache baada ya Jenerali Idi Amin kutwaa madaraka.

Siku 90

Agosti 1972 Amin alitangaza kuwa Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Makumi ya maelfu waliondoka, wengi wao kwenda Uingereza, India na Kanada. Manubhai Madhvani alikamatwa na kufungwa katika gereza la kijeshi la Makindye, Kampala, kabla ya kuachiwa na kuondoka nchini. Kakira, pamoja na viwanda vyote vya familia, vikawa mali ya serikali.

Maduka yaligawiwa watu wapya. Waganda wakawabatiza jina la Kiswahili lililodumu hadi leo: mafuta mingi. Baadhi yao walikuwa wafanyabiashara hodari waliokuwa wakisubiri nafasi. Wengine waliuza bidhaa walizozikuta rafuni na hawakujua pa kuagiza nyingine.

Shamba la miwa ni gumu zaidi kuliko duka. Kinu cha kusagia miwa kinahitaji vipuri, mafundi, mafuta ya matrekta na fedha za kigeni. Vitu hivyo vilipokosekana, miwa ilibaki shambani na magugu yakaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji wa sukari Uganda ulikuwa umekaribia kufa kabisa. Nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikawa inaagiza sukari kutoka nje.

Sokoni, sukari iligeuka bidhaa ya magendo. Kilo moja ilikuwa na bei mbili, ya serikali na ya mtaani, na ile ya serikali mara nyingi haikuwa na sukari nyuma yake. Kahawa ilitoroshwa kwenda Kenya, na sabuni, chumvi na sukari vikarudi kwa njia hizo hizo. Waliofanya biashara kwa hati walishindwa na waliofanya biashara gizani. Msafirishaji wa kipindi hicho alijua kwamba mzigo halali ungeweza kunyang'anywa kizuizini sawa na mzigo haramu.

Kurudi kwa familia

Sheria ya mwaka 1982 kuhusu mali zilizotaifishwa ilifungua njia kwa wenye mali kudai haki zao. Mwaka 1985 familia ya Madhvani ilirudi Kakira kwa ubia na serikali. Mwaka huo uliwekwa katika jina la kampuni yenyewe, iliyoitwa Kakira Sugar Works (1985) Limited. Baadaye familia ilinunua hisa za serikali na shamba likawa lake tena.

Kurudi hakukuwa sherehe. Miwa mipya ilipaswa kupandwa karibu upya, kinu kufanyiwa matengenezo makubwa, na mikopo ya benki za kimataifa kutafutwa. Mwaka 1989 Uganda ilikuwa bado inaagiza sukari nyingi kutoka nje. Ilichukua miaka ya 1990 yote kwa viwanda vya ndani kurudisha nafasi yao. Lugazi ilifufuliwa na familia ya Mehta. Kinyara, kiwanda cha serikali kilichoko Masindi, nacho kilikarabatiwa kabla ya kuingia mikononi mwa kampuni binafsi mwaka 2006.

Katika miaka ya 2010 Kakira ilifikia uzalishaji wa karibu tani 180,000 za sukari kwa mwaka, kiasi kinachozidi kile cha nchi nzima mwaka 1968. Makapi ya miwa huchomwa kuendesha mitambo ya umeme, na ziada huuzwa katika gridi ya taifa. Molasi hupelekwa katika kiwanda cha spiriti. Manubhai alifariki mwaka 2011, na uongozi ukaendelea kwa mdogo wake Mayur, mtoto wa mwisho wa Muljibhai, pamoja na kizazi kilichofuata.

Miwa haingoji

Ni vyema wasafirishaji wafahamu kwa nini kiwanda cha sukari hutegemea barabara kuliko viwanda vingine vingi. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari. Unapaswa kufika kinuni ndani ya siku moja au mbili. Kwa kawaida huhitajika takriban tani 10 za miwa kupata tani moja ya sukari. Maana yake, kwa kila lori la sukari linalotoka kwenda Kampala, malori au matrela kama 10 ya uzito huo huo yameingia kiwandani na miwa.

Ekari za familia hazitoshi kulisha kinu. Sehemu kubwa ya miwa hutoka kwa maelfu ya wakulima wa mkataba wa Busoga. Kiwanda humpa mkulima mbegu, mbolea na huduma ya trekta kwa mkopo, kisha hukata deni lake wakati wa malipo. Mkulima husubiri karibu miezi 18 kabla ya mavuno ya kwanza. Baada ya hapo machipukizi huvunwa mara kadhaa kabla ya kupanda upya.

Hapo ndipo ubishi wa leo ulipo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 viwanda vipya vimefunguliwa Busoga, vikiwemo vya Mayuge na Kaliro. Mkulima aliyechelewa kukatiwa miwa alipata mnunuzi mwingine. Viwanda vikongwe vikalalamika kuwa miwa waliyoigharimia inauzwa kwingine. Sera ya sukari ya mwaka 2010 ilitaka kiwanda kipya kijengwe umbali wa angalau kilomita 25 kutoka kilichopo. Umbali huo ulizua mabishano marefu bungeni kabla ya Sheria ya Sukari ya mwaka 2020. Wenye viwanda vikongwe waliona kanuni hiyo kuwa kinga ya mtaji wao, ilhali wakulima wengi waliiona kamba ya kuwafungia kwa mnunuzi mmoja.

Pale miwa inapokuwa michache, bei hupanda na malori hugombania shamba kwa shamba. Inapokuwa mingi, mkulima hukaa na miwa iliyopitiliza na deni linaloendelea. Miwa ya Busoga imewahi hata kuvushwa Busia kwenda viwanda vya magharibi mwa Kenya.

Miwa au mahindi

Kisenyi ina sababu yake ya kuitazama Busoga. Mtaa huu unajulikana kwa vinu vya mahindi. Unga wa Kisenyi hulisha shule, kambi na maduka ya Kampala, na mwingine huenda hadi Sudan Kusini. Mahindi hayo hutoka Busoga, Masindi, Kiryandongo na kwingineko.

Ekari iliyopandwa miwa haitoi mahindi kwa mwaka mmoja na nusu. Katika wilaya za Busoga zilizojaa miwa, viongozi na wataalamu wa kilimo wamelalamika mara nyingi kwamba familia zenye mashamba madogo hupanda miwa hadi mlangoni, kisha hununua chakula. Kwa mwenye kinu Kisenyi, hii ina maana kwamba bei nzuri ya miwa msimu huu huweza kuwa uhaba wa mahindi msimu ujao. Anayefuatilia bei ya tani ya miwa Kakira hupata habari za mahindi kabla hazijafika sokoni.

Kiwanda gani?

Swali la mnunuzi linarudi. Chini ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulioanza Januari 2005, sukari iliyotengenezwa kwa miwa iliyolimwa ndani ya nchi wanachama haipaswi kutozwa ushuru wa forodha. Sukari ya kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 100, isipokuwa nchi inapopewa msamaha maalumu. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo inayowashawishi wengine kubadilisha magunia.

Wakulima na wanasiasa wa Kenya wameshuku kwa miaka mingi kwamba sukari ya ng'ambo hupakiwa upya Uganda na kuvushwa kama ya Uganda. Uganda imejibu kwamba ina ziada ya kweli kutoka viwanda vyake. Agosti 2015 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikubaliana Kampala kufungua soko la Kenya kwa sukari ya Uganda, na makubaliano hayo yakazua zogo la kisiasa Nairobi. Julai 2020 Kenya ilisimamisha uagizaji wa sukari.

Njia nyingine nazo zina historia yake. Mpaka wa Katuna na Rwanda ulifungwa kwa mizigo Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Njia ya Elegu kwenda Juba ilitikiswa na mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016. Kwa upande mwingine, Jumuiya imepanuka: Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kwa jamii ya Wasomali wa Kisenyi, ambao wamejenga biashara za usafirishaji, maduka na mafuta katika mtaa huu, hatua hiyo ya mwisho inaleta matumaini, ingawa barabara na usalama bado ni kikwazo.

Katika mazingira hayo hati za mzigo zina thamani sawa na mzigo wenyewe. Mfanyabiashara anayevusha sukari hana budi kuwa na risiti ya kiwanda au ya msambazaji wake, cheti cha asili ya bidhaa, na magunia ambayo nembo, tarehe na namba za kiwanda vinalingana na hati hizo. Msafirishaji naye asikubali kupakia magunia yaliyoshonwa upya kwa kuahidiwa nauli nono. Mzigo ukikamatwa, lori hukaa nalo, na anayelala nalo mpakani ni dereva, si mwenye sukari.

Funzo la Kakira

Shamba hili limepita mikono ya familia, serikali, ubia na familia tena. Ardhi haikuhama na mvua haikukoma. Kilichobadilika mwaka 1972 ni kuondoka kwa watu waliojua kuagiza kipuri, kukopesha mkulima na kulipa kwa wakati, kabla hajapatikana wa kuchukua kazi hizo. Ndani ya miaka michache gunia likatoweka dukani.

Wakati huo huo, manung'uniko ya mwaka 1949 na 1959 yanakumbusha kuwa shamba kubwa lisilowapa nafasi wanaolizunguka hujenga juu ya mchanga. Wakulima wa mkataba wa Busoga leo ni wengi kuliko wenye hisa. Wakiona bei ni ya haki, miwa itafika kinuni kwa wakati na malori yatajaa. Wakiona wamefungwa, watang'oa miwa au watauza kwingine, na pengo hilo litaonekana Kisenyi kabla ya kutangazwa kokote.

Mwenye duka la jumla hawezi kuamua mambo hayo. Anaweza, hata hivyo, kuuliza sukari imetoka wapi, kutunza hati, na kutotegemea kiwanda kimoja au mpaka mmoja. Muljibhai mwenyewe alianza hivyo, nyuma ya meza ya duka la Iganga.